Sitara Iliyoanguka Ukumbini

Wiki iliyopita mliniacha kwenye lango la shule ya mjukuu wangu, nimeukumbatia mkoba wangu, sijui niingie au nirudi nyumbani. Niliingia. Laiti ningerudi.

Kwa asiyepata kunisoma kabla ya leo, nieleze kwa muhtasari. Mimi ni ajuza. Nimewafundisha wasichana Kurani tangu sijaota mvi, na katika mtaa wetu ndimi mwosha wa wanawake wanaofariki. Baba yangu, aliyekuwa imamu, alinirithisha mambo mawili: kusoma kwa tajwidi na kutunga beti zisizopotoka mizani. Kuosha maiti nilifundishwa na mama.

Ninaye mjukuu mmoja, binti wa marehemu mwanangu. Yuko mwaka wa tatu wa sekondari, na tangu angali na meno ya utoto anasema atakuwa tabibu. Wenzake wamemwita hivyo hivyo: Daktari.

Mmekwisha kusoma jinsi milango ilivyomfungikia mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa kemia alihama katikati ya muhula. Mpira wa pete, ambao mwalimu mshauri alisema utapendeza katika wasifu wake, ulimvunja kifundo cha mkono. Klabu ya mdahalo ilikufa kwa sababu ya mabishano juu ya nani awe mwenyekiti. Na mwenye duka la dawa, aliyekuwa ameahidi kumpokea wakati wa likizo ndefu, alifunga duka akawafuata wanawe ng'ambo.

Kila lilipotokea jambo, nilingoja uchungu. Haukuja. Watu wa kazi yangu hufika mahali mikono ikaizoea baridi, na baridi hiyo hupanda polepole hata ikafika kifuani. Sijisifu. Naeleza tu.

Sasa palikuwa pamebaki mlango mmoja. Chuo kikuu hupokea wanafunzi wachache wa sekondari wakati wa likizo, katika kitivo cha udaktari. Huingia maabara, hufuatana na matabibu wodini, na majina yao hubaki yakijulikana pale. Kila shule hupewa nafasi moja, nayo hugombewa kwa hotuba katika ukumbi wa shule. Asiyeipata hujaribu bahati yake baadaye pamoja na umati.

Mwalimu mshauri ndiye aliyekuja nyumbani kwangu kutuambia. Ni kijana mwembamba mwenye kichwa kikubwa na tai fupi, na mfukoni ana kalamu za rangi. Aliondoa bakuli langu la matunda mezani, akatandaza karatasi pana kama kitambaa cha meza. Masomo aliyaandika kwa buluu. Shughuli za nje ya darasa, kwa kijani. Likizo, kwa nyekundu.

Buluu ilikuwa imejaa. Kijani kilikuwa kimekatwakatwa. Penye nyekundu palikuwa peupe.

"Bibi, tatizo letu liko hapa," akasema, akipagonga mahali peupe. "Alama anazo. Masomo magumu yote kayachukua. Lakini chuo kikuu siku hizi hawaulizi umesoma nini tu. Wanauliza, ukiwa huna mwalimu juu ya kichwa chako, unafanya nini? Likizo iliyopita alifanya nini huyu?"

"Alikuwa na mimi."

"Akifanya nini?"

Mjukuu wangu akanitazama. Nikamwashiria ajibu mwenyewe.

"Tulikuwa tunaosha, Mwalimu."

"Nguo?"

"Maiti."

Kalamu ikamponyoka. Nilidhani ataaga. Akainama akaiokota, na alipoinuka uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata kitu chake kilichopotea.

"Maiti wa kweli?"

"Kwani kuna wa uongo, Mwalimu?"

"Subhanallah! Bibi, mbona mmekaa kimya muda wote huu? Wenzake wote watasimama waseme wamepanda miti. Miti! Kila mwaka shule yetu inapanda miti ile ile, na inakauka ile ile. Huyu kaosha maiti! Kaosha wangapi?"

"Hatuhesabu."

"Hata kwa kukisia?"

"Hatuhesabu, mwanangu."

Akaandika kwa nyekundu, kwa herufi kubwa, huku akisema peke yake kwamba hakuna shule itakayokuwa na kitu kama hiki.

Naam, alikuwa akiosha nami. Msaidizi wangu wa zamani alipolemewa na magoti, na duka la dawa lilipofungwa, binti huyu alijitolea kushika kopo la maji. Nilimwonyesha jinsi ya kuanza na viungo vya udhu, jinsi ya kutia kafuri katika maji ya mwisho, jinsi ya kuingiza mkono chini ya shuka bila kulifunua. Na kabla hajagusa mwili wa mtu, nilimhifadhisha ubeti nilioutunga kwa ajili ya kila anayeingia chumba kile:

Uonacho ukiweke,
Kwa shuka ukifunike,
Na ulimi usicheke:
Wafu hawana wakili.

Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu. Uzuri ukiuona kwa marehemu, waweza kuusema. Aibu, kilema, alama, siri, vyote hufunikwa pamoja naye. Mwosha akitoka mle chumbani hutoka kipofu.

Usiku wote wa dunia haungetosha kunieleza kwa nini nilimwacha aende nayo ukumbini kazi hiyo. Nilitaka apate nafasi. Ndilo jibu, halina pambo.

Nilimfunza kuipanga hotuba yake kama utenzi: aanze kwa kumshukuru Mola, aingie katika kisa, afunge kwa dua. Nikampa sharti moja.

"Sema ulichokifanya. Usiseme ulichokiona."

"Nimekusikia, Bibi."

"Rudia."

"Ulichokifanya, si ulichokiona. Bibi, mimi si mtoto mdogo."

Basi siku ya hotuba ndiyo niliyoingia langoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipaswa kupanda jukwaani aeleze mpango wake: masomo aliyoyachagua, shughuli zake, likizo zake, na anakokusudia kufika. Mbele kabisa alikaa Mkuu wa shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya adhana. Kando yake alikuwa mgeni kutoka chuo kikuu, mwanamke wa umri wa kati ya ujana na utu uzima, mwenye miwani na ushungi wa kijivu. Mwalimu mshauri alikwisha kuninong'oneza kwamba mgeni huyo aliomba mwenyewe apangiwe shule yetu, na kwamba hiyo ni dalili njema.

Safu ile ile alikaa mwenyekiti wa kamati ya shule, tumwitaye Mzee wa Vioo kwa sababu ndiye auzaye vioo vya madirisha mtaa mzima. Pembeni mwake alikuwa mkewe, Bi Mdogo. Mke mkubwa alikuwa amefariki likizo ile, nami na mjukuu wangu ndio tuliomwosha. Nilikwenda nikampa pole tena. Akanishika mkono kwa heshima, akasema, "Wewe ndiye uliyemstahi mwisho, Bibi. Sitasahau."

Nikaketi nyuma, mahali palipobaki. Mbele yangu akaja akakaa mwalimu mshauri.

Wakapanda waliopanda miti. Akapanda mmoja aliyefundisha watoto kuogelea, na mmoja aliyesema likizo yake aliitumia kutafakari, wazazi wakacheka. Kisha akaitwa mjukuu wangu.

Alisema vizuri. Alimshukuru Mola, akaeleza maji, kafuri, pamba na sanda, akaeleza jinsi mtu anavyouheshimu mwili usioweza kumshukuru. Hakusema alichokiona. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumshukuru Mungu moyoni, mgeni alipoinua mkono.

"Umejifunza nini huko, ambacho kitabu cha baiolojia hakikukufundisha?"

"Nimejifunza kunyamaza."

Watu wakapiga makofi. Angeshuka hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

"Kila mtu anaweza kusema ananyamaza," mgeni akasema. "Nipe mfano."

"Siruhusiwi."

"Bila jina. Hata daktari hutoa mfano bila kutaja jina la mgonjwa. Si unataka kuwa daktari?"

Mjukuu wangu akanitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa. Nilikitikisa mpaka ushungi ukanilegea. Lakini kati yangu naye palikuwa na kichwa cha mwalimu mshauri, nacho hakikunibakishia hata upenyo. Alichokiona mjukuu wangu ni mwalimu wake akimwitikia kwa furaha: sema, sema.

Akasema.

"Kuna mama mmoja. Mtaa mzima ulimwita tasa. Hata watoto walimwita hivyo njiani, na mimi niliwahi kucheka pamoja nao. Mumewe akaoa mke mwingine kwa sababu hiyo. Siku ile nilipokuwa namimina maji niliona kovu, na darasani tulishasoma kovu la namna ile ni la nini. Ni kovu la uzazi. Yule mama alizaa. Alizaa, akakubali kuitwa tasa mpaka amekufa, na hakumjibu mtu hata siku moja. Nikajifunza kwamba hujui mwenzako amebeba nini. Nikaona haya. Basi."

Waliotoka mitaa mingine walipiga makofi, wengine wakafuta macho. Mwalimu mshauri alikuwa wa kwanza kusimama.

Watu wa mtaa wetu hawakupiga. Walikuwa wanafikiri. Nyuma yangu nikawasikia wanawake wawili.

"Sasa kama mkubwa alizaa..."

"Nyamaza, yuko pale mbele."

"Si nasema tu. Kama mkubwa alizaa, na huyu mdogo naye mpaka leo hajashika mimba, basi mwenye kasoro ni..."

"Nyamaza, dada, utatutia balaa!"

Shingo zikaanza kugeuka, moja, nyingine, mpaka ukumbi wote ulikuwa unakitazama kisogo cha Mzee wa Vioo. Hakutikisika. Kofia yake ilikaa sawasawa. Na Bi Mdogo, ambaye kwa miaka amekunywa kila mzizi alioletewa, hakuinama. Katika safu ile ndiye peke yake aliyeinua uso.

Mgeni alivua miwani akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena akaifuta. Kisha akamwinamia Mkuu akamwambia neno, na Mkuu akasimama akatangaza kwa ile sauti yake kwamba nafasi ya chuo kikuu mwaka huu ni ya Daktari.

Wenzake wakamnyanyua juu. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa miaka, nayo ikaja, nami nikaitazama kama mtu atazamaye harusi ya watu asiowajua.

Hapa pana neno ambalo lazima niliseme, kwa kuwa wengi mtaniuliza. Waliosema maneno haya wameniruhusu niyaandike. Lakini niliyoyaona mimi mwenyewe chini ya shuka lile, mwenye kuniruhusu ni mmoja tu, naye hasemi tena. Msiyatafute katika gazeti hili.

Tulirudi kwa miguu. Mjukuu wangu alikuwa akirukaruka, kisha akaacha.

"Bibi, umekasirika?"

"Sijui."

"Sikumtaja."

"Hukumtaja."

"Basi kosa langu liko wapi?"

"Soma ubeti wako."

Akaanza kuusoma huku akitembea, kwa haraka, kama asomavyo mtu kitu alichokizoea. Alipofika mshororo wa mwisho sauti ikamkatika. Akasimama katikati ya njia, mkono mdomoni. Mwendesha baiskeli akampigia kengele, akamzunguka, akamtukana. Hakumsikia.

"Alikuwa anamficha mumewe," akasema. "Si alikuwa anamficha mumewe, Bibi? Alikubali jina ili yeye asiitwe. Na mimi nimekwenda nikalimwaga."

Nilimshika mkono tukavuka.

Asubuhi yake tuliitwa ofisini kwa Mkuu. Tuliwakuta Mzee wa Vioo, mwalimu mshauri, na yule mgeni, ambaye alikuwa amelala mjini ili akamilishe habari ya nafasi. Feni ya juu ilikuwa inazunguka huku ikilia. Hakuna aliyeagiza chai.

"Sikuja kugombana," Mzee wa Vioo akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mke wangu alipasuliwa uvimbe kabla sijamwoa. Aliniambia kwa kinywa chake. Ninachotaka ni kimoja. Huyu mtoto asimame mbele ya wazazi wale wale, aseme hakujua alisemalo."

"Lakini Mzee," mwalimu mshauri akasema, "mtoto hakutaja jina."

"Wewe kijana umeoa?"

"Bado, Mzee."

"Ukioa, siku mkeo akianikwa mbele ya watu kwa sifa zake zote, njoo uniambie kama ulingoja jina."

Mwalimu mshauri akaangalia kalamu zake.

Mkuu akanigeukia. "Bibi, wewe ni mtu mzima na ni mwanachuoni. Ulikuwepo. Tusaidie. Kama lile lilikuwa kovu la uzazi, mtoto alisema kweli. Ataadhibiwa kwa kukosa adabu, lakini nafasi ni yake. Kama lilikuwa la uvimbe, au halikuwepo, basi amemzulia marehemu mbele ya chuo kikuu. Mtu anayezua habari za mwili wa mtu hatuwezi kumpeleka akasomee udaktari. Lilikuwa la nini?"

Nikikubali, nimemvua marehemu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Nikikanusha, nimemzamisha mjukuu wangu, na ulimi huu unaosomesha Kurani nimeutia ushahidi nisioweza kuutetea kesho mbele ya Mungu. Niliyaona yote mawili wazi kabisa, kama vyombo juu ya kabati. Sikuhisi kitu.

"Aliyeosha haulizwi," nikasema.

"Bibi, hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Bibi, nafasi inaondoka!" Mwalimu mshauri alikuwa karibu kulia. "Neno moja tu!"

"Nilitunga."

Sote tukamgeukia mjukuu wangu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayeghani shairi.

"Hakukuwa na kovu lolote," akasema. "Nilitunga. Mwalimu alisema wenzangu wote wamepanda miti. Nikataka nami niwe na kitu cha kuwashinda."

"Unasema nini wewe?" Mwalimu mshauri akaruka.

"Nimetunga, Mwalimu. Bibi yangu ni mtunzi. Nimerithi."

Hakutabasamu. Hakunitazama. Alikuwa ameyakaza macho kwenye zulia, mahali lilipochanika, na pua yake ilikuwa nyekundu. Nilimfahamu. Wafu hawana wakili, nilimfundisha mimi. Naye sasa amejipa uwakili huo, akiwa ndani ya sare ya shule, akilipia kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Ningeweza kusema, "Anasema uongo." Ningesema hivyo, ningekuwa nimejibu swali nililokataa kulijibu. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikofunga mlango ule.

Mkuu alivuta pumzi. "Basi yamekwisha. Nafasi tunaiondoa. Tutampa aliyefuata."

"Aliyefuata ni yule wa kutafakari," mwalimu mshauri akasema kwa sauti ndogo. Akaitoa karatasi yake ya rangi mkobani, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa haiwezi kukunjwa.

Tangu tuingie, mgeni alikuwa amegeukia dirishani.

Nikaaga. Mjukuu wangu alitangulia akaenda kuketi kwenye benchi mwisho wa ujia wa madarasa, chini ya ubao wa matangazo. Nilikuwa nafunga ushungi nimfuate, nikasikia viatu nyuma yangu.

Ni Mzee wa Vioo. Amekwisha kupata alichokitaka. Alipaswa kuwa anakwenda dukani kwake.

"Bibi, mtoto amesema hapakuwa na kovu lolote."

"Nimemsikia."

"Mimi nilikuwa mume wa yule mwanamke. Kovu lilikuwepo. Nimelala kando yake maisha yangu yote, nalijua kama mlango wa nyumba yangu."

Nikasimama.

"Kwa hiyo uongo ameusema leo," akaendelea. "Mle ndani. Najiuliza, mtoto mwenye akili kama yule, kwa nini atupe nafasi yake kwa kusema uongo? Angeweza kusema nimekosea, nilidhani. Yeye amelifuta kabisa. Mtu hufuta kabisa kitu gani, Bibi?"

"Nenda nyumbani, ndugu yangu."

"Umewaosha wanawake wa mtaa huu, waliozaa na wasiozaa. Unajua kutofautisha. Mimi aliniambia ni uvimbe, nami nikaamini, maana sikuwa na sababu ya kutoamini. Leo nakuuliza mimi, si Mkuu, si kamati. Ulikuwa uvimbe?"

Kofia alikuwa ameivua. Sikupata kumwona bila kofia. Alikuwa na kipara kidogo cha mtu wa kawaida.

"Kwa sababu kama haukuwa uvimbe," akasema, "basi jina lile walilomwita njiani lilikuwa langu. Alinibebea. Na mimi nikamwolea mke mwenza juu yake."

Darasa la karibu walikuwa wanasoma kwa pamoja, sauti nyingi kama moja. Nilisikiliza mpaka wakafika mwisho wa sentensi.

"Usiponijibu, Bibi, nitakuwa nimejibiwa."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Mgeni akatoka, akaufunga nyuma yake taratibu, akatujia. Miwani alikuwa ameishika mkononi. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, na katika paji lile la uso na namna ya kuyafumba macho kabla ya kusema palikuwa na kitu ambacho Mzee wa Vioo alikitambua kabla yangu. Nilimwona akirudi hatua nyuma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi siulizi juu ya kovu," akasema. "Kovu nalijua. Mwanamke aliyenilea aliniambia nilivyozaliwa, na kwa nini msichana yule hakuweza kukaa na mimi. Nimekuwa mwaka mzima nikitafuta namna ya kuja mtaa huu bila kumwaibisha. Nikaomba nipangiwe shule hii. Nilikusudia nikimaliza kazi ukumbini niulize nyumba ya muuza vioo, nibishe hodi kama mnunuzi."

Akayafumba macho, akayafumbua.

"Habari ya kuwa amekufa nimeipata kwa mtoto wenu, jukwaani, na kwa shingo zilizomgeukia muuza vioo. Naomba unionyeshe kaburi."

Mzee wa Vioo akakaa. Pale hapakuwa na kiti. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia mapajani, kama watoto wanavyokaa wakifukuzwa darasani.

Mgeni alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Na kuna jingine, Bibi. Mtoto wenu hakutunga. Mle ndani nilishindwa kusema, ulimi ulikataa. Sasa naweza. Naweza kurudi sasa hivi nimwambie Mkuu kwamba jana alisema kweli, na ushahidi ni mimi. Watamrudishia nafasi yake. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimemfunua mama yangu, na mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri." Sauti yake haikupanda. "Wewe ndiye uliyemfunika. Mimi sikuwahi hata kumshika mkono. Niambie wewe. Nirudi, au nisirudi?"

Nikageuza uso.

Mwisho wa ujia, juu ya benchi, mjukuu wangu alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia. Alikuwa ananitikisia kichwa, polepole, kwa nguvu, tena na tena: hapana, Bibi, hapana.

Na safari hii hapakuwa na kichwa cha mtu kati yangu naye.